Kilo Ishirini na Tatu kwa Kila Mtu

"Ishirini na tisa na nusu!" Msomi alisoma kwa sauti ya dalali mnadani.

Hakuna aliyecheka. Begi la mama yake lilikuwa likining'inia katikati ya sebule, kwenye mizani ya dukani ambayo asubuhi ile walikuwa wameiingiza ndani na kuifunga kwa kamba kwenye kenchi ya paa. Begi lilizunguka polepole upande wa kulia, likarudi kushoto, kama mtu aliyesahau mlango wa nyumba yake. Mshale haukuzunguka. Ulikuwa umeshasema.

"Soma tena," alisema mama yake.

"Nimesoma mara tatu, mama. Unataka niubembeleze?"

Msomi alikuwa na miaka kumi na mmoja, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna namba iliyompita bila kusomwa: za milangoni, za magari, za kwenye chupa za dawa. Mama yake alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kesho yake saa sita mchana Fundi na mabinti zake wawili walikuwa wanapanda ndege kwenda kwa baba wa watoto, mchomeleaji wa vyuma aliyekuwa ughaibuni mwaka wa nne sasa. Tiketi zilisema kilo ishirini na tatu kwa kila mtu, begi moja, na kibegi cha mkononi kisichozidi kilo saba. Begi la Msomi lilikuwa limesoma ishirini na tatu kamili. La mdogo wake, Kitinda, vivyo hivyo. Lilibaki hili la Fundi, na ndani yake, kikiwa kimefungwa kwa blanketi mbili, kulikuwa na kichwa cha cherehani.

Mama Duka alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani. Nyumba ilikuwa yake, mizani ilikuwa yake, na yule mchomeleaji alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa akiutazama mshale. Kati ya watu wanne waliokuwamo humo ndani, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mshale ule ni mwongo.

Springi ya mizani ile haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa laini zaidi. Iliwekwa na fundi wa mizani aliyepita na mkoba wake miaka sita nyuma, mwaka ule wa dawa za mzee, mumewe. Kazi ilimchukua dakika kumi, akaondoka bila kugeuka. Tangu siku hiyo gramu mia tisa za unga dukani kwa Mama Duka zilisoma kilo moja. Si nyingi. Ukishika kwa mkono huwezi kujua. Mzee alikufa, dawa zikaisha, springi ikabaki.

"Punguza masufuria," Mama Duka alisema, maana kukaa kimya kabisa kungeonekana.

"Masufuria nimeshayatoa, mama. Yale pale."

Kweli yalikuwa pale, kwenye mkeka, pamoja na pasi, viatu jozi nne, na albamu ya harusi ambayo picha zake zilikuwa zimechomolewa likabaki jalada. Kitinda alitokea chumbani akitembea kama pipa. Alikuwa amevaa magauni matatu na sweta juu yake, na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni.

"Za mwilini hazipimwi," alitangaza.

"Ukianguka utadunda," dada yake alimwambia.

Simu ikaita. Fundi aliiweka mezani na kufungua sauti, kama alivyopenda mumewe, ili mama yake naye asikie.

"Mmefikia wapi?"

"Kilo sita na nusu zimezidi. Zote kwenye begi langu."

"Kwa sababu ya hilo chuma."

"Kwa sababu ya mashine, ndiyo."

"Mama watoto, nisikilize. Pale uwanjani hawana mzaha. Nusu kilo tu wanakufungulisha begi sakafuni, watu wamepanga foleni wanazitazama sidiria zako. Na ukitaka kulipia, hizo kilo sita ni bei ya mashine mpya na baki juu. Huku cherehani zipo."

"Zipo za nani?"

"Za kununua."

"Kwa hela ya nani?"

"Yangu, ya nani tena?"

"Ndiyo hivyo," alisema Fundi.

Huko aliko palisikika kelele ya chuma.

"Labda mizani ndiyo imekosea," Fundi aliongeza, bila matumaini, kama mtu anayebonyeza swichi huku anajua umeme umekatika.

"Mizani ya mama yangu?" Mchomeleaji alicheka, cheko la kwanza tangu apige. "Hiyo ni mahakama. Mama upo hapo? Mwambie mkweo."

"Nipo, mwanangu," alisema Mama Duka.

"Si kweli?"

Mama Duka alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, machache tu, mtoto mdogo angeweza kuyasema. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mungu atafanya njia," na mwanawe akasema amina, na simu ikakatika.

Alijitafuta ndani aone kama ameumia. Akakuta hakuna kitu. Palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

* * *

Zipu, aliyeitwa na Fundi, alifika kabla ya adhuhuri na baiskeli yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza zipu, mikanda na mabegi kwenye kibanda cha kona, na wiki iliyopita ndiye aliyebadilisha zipu za mabegi yale matatu. Alikuwa ameitamani mashine ile tangu siku aliyoiona.

"Nilikwambia, dada," alisema huku akilizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. "Mashine haina pasipoti."

"Toa bei, Zipu. Usitoe hotuba."

Alitoa bei. Ilikuwa nusu ya ile aliyoitaja mwezi uliopita, na wote waliokuwa pale walijua kwa nini: mtu anayepanda ndege kesho hana pa kuibebea mashine yake. Fundi aliitazama ile hela mkononi mwa Zipu kwa muda. Kisha akaipokea, hakuihesabu, akaitia mfukoni mwa gauni.

"Mguu wa mashine nitaufuata jioni," alisema Zipu akikaza kamba kwenye keria. "Na usinune. Huko kwa wenzetu nguo zinaanguka kutoka mbinguni zimeshashonwa."

Baiskeli ilipoondoka, Fundi alirudi kukunja nguo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena vilevile. Hakulia. Mama Duka angependa alie. Mtu akilia unampa maji, unamwambia pole, mikono inapata kazi.

* * *

Dukani mchana ule hakukuwa na mizani, na duka bila mizani ni kibanda tu. Aliyekuja kutaka nusu ya sukari aliambiwa, "Mizani ipo safarini, chukua pakiti." Wengine walichukua. Wengine walisema watarudi.

Mama Duka alikuwa mtu wa sala. Si wa kujionyesha. Alisali akifungua duka, akalisalia kila gunia lililoshushwa, akawasalia wajukuu, magoti ya mwanawe, na mvua. Ila kwa miaka sita alikuwa akiizunguka springi ile katika sala zake kama mtu anayefagia akiuzunguka mguu wa meza. Mchana ule alijaribu tena. Maneno yalipita mdomoni yakaanguka chini ya kaunta. Yalikuwa maneno sahihi.

Fundi aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshika kopo la biskuti, na ndani ya kopo kulikuwa na bobini, sindano za cherehani, na kile kipande cha chaki alichokuwa akichorea vitambaa.

"Mama, hivi uviuze. Havina uzito wowote, lakini vitanifaa nini?"

"Viache. Si utanunua nyingine ukifika?"

"Mama." Fundi aliliweka kopo juu ya kaunta na kulifunika. "Mimi na mwanao tunaelewana, namshukuru Mungu. Lakini tangu nikiwa na miaka kumi na saba sijawahi kumwomba mtu hela ya sabuni. Huko nitaomba. Nitaomba hela ya sindano ili nishone kifungo cha aliyenipa hela ya sindano." Alitabasamu kidogo, akaacha. "Si kosa la mtu. Mizani ni mizani."

Akatoka.

Mama Duka alibaki akilitazama kopo. Nyuma yake, ukutani, yalipangwa mabunda ya unga kutoka kiwandani, kila bunda na pakiti zake kumi na mbili za kilo mbili mbili, yamefungwa kwa karatasi ngumu. Kila bunda liliandikwa kwa herufi kubwa za bluu: KILO 24. Maandishi hayo alikuwa akiyaona kila siku ya maisha yake ya duka. Wazee walisema mficha uchi hazai. Alifunga dirisha la duka katikati ya mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mumewe kabla jeneza halijatoka ndani, akalikumbatia bunda moja, akaingia nalo sebuleni.

"Bibi, utavunjika kiuno, mke mwenzangu!" Msomi alimkimbilia.

"Shika huku. Tulitundike."

Walilitundika. Fundi alisimama na nguo mikononi, akitazama.

"Soma," Mama Duka alimwambia mjukuu.

"Ishirini na sita... inakaribia ishirini na saba."

"Sasa soma kilichoandikwa kwenye karatasi."

Msomi aliinama. Akasoma. Kisha akatazama juu kwenye mshale, akarudi chini kwenye karatasi. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa hesabu nzuri. "Bibi, mizani yako inazidisha! Karibu kilo tatu! Yaani katika kila... subiri, nani ana kalamu?"

Fundi hakuhitaji kalamu. Nguo zilikuwa zimemshuka mikononi mpaka magotini.

"Imeharibika lini?" aliuliza.

"Haikuharibika."

Kitinda alikuwa akivua sweta lake la juu ya magauni matatu, akikwama kichwani, akihema. Hakuna aliyemsaidia.

"Tangu lini?"

"Tangu mzee. Miaka sita."

"Mimi niliapa, mama." Sauti ya Fundi ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anasoma vipimo vya mteja. "Yule mama wa mapacha alipokuja kusema unga wake umepungua, nilitoka na sindano mdomoni nikamwambia mwongo. Nikaapa kwa macho ya hawa watoto. Wewe ulikuwa umesimama pale ndani. Ulikuwa unafunga mfuko."

"Nilikuwa nafunga mfuko," Mama Duka alikubali.

"Na leo asubuhi."

"Na leo asubuhi."

Msomi alikuwa amepata kalamu. Alikuwa akiandika nyuma ya mkono wake. "Mama, sikia! Tukiirudisha mashine, mabegi yote pamoja ni kilo sitini na nane. Tunaruhusiwa sitini na tisa! Tunaigawa tu mizigo, inaingia yote!" Akawatazama mmoja mmoja, furaha ikimwisha usoni bila yeye kujua kwa nini. "Si inaingia?"

"Mashine imeshakwenda, mwanangu," alisema Fundi.

"Nipe ile hela," alisema Mama Duka. "Nitaifuata."

* * *

Kibanda cha Zipu kilikuwa na viti viwili vya wateja, na kimojawapo kilikaliwa na Mama Mapacha mwenyewe, mkoba wa shule wa mmoja wa watoto wake mapajani. Mama Duka alimwona akiwa bado barabarani. Miguu haikusita, ilikuwa na ganzi ileile. Mashine ilikuwa imekaa juu ya meza, inang'aa mafuta mapya.

"Karibu, mama," alisema Zipu. "Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kumrudisha. Hela yako hii hapa, kama ulivyoitoa."

Zipu aliitazama hela, akacheka. "Mama yangu, hapa si sokoni kwenye nyanya, unabonyeza unarudisha. Nimeshampa mafuta. Nimeshampa na jina."

"Tumepata nafasi kwenye mabegi."

"Mmepata wapi? Asubuhi zilizidi kilo sita."

"Wameongeza. Shirika la ndege limeongeza kilo."

"Ala! Shirika la ndege limeongeza kilo?" Zipu alimgeukia Mama Mapacha. "Umesikia maajabu? Maisha yangu yote nimesikia wakipunguza. Waambie waniongezee na mimi, nimekonda." Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa biashara. "Mama Duka, nikuambie ukweli. Kuna mtu anaitaka hii kwa bei mara mbili. Kama ni shida ya kweli, nieleze kama mtu mzima. Kama ni kunizungusha, lete hizo mara mbili."

Mara mbili hakuwa nazo. Hata angekuwa nazo, alijua kwamba angezitoa haraka sana, na angerudi nyumbani akiwa yuleyule.

"Mizani yangu ina springi ya uongo," alisema. "Ndiyo waliyopimia mabegi. Uzito haukuzidi. Mimi nilijua nikanyamaza."

Ilitoka kwa sauti ndogo. Pikipiki ilipita nje.

"Sikusikia," alisema Zipu, ingawa alisikia. "Sema tena, na huyu mama asikie. Maana yeye ni mteja wako, mimi natumia unga wa dona, nasaga mwenyewe."

Mama Duka alimgeukia Mama Mapacha. Akasema tena, yote, pamoja na ile miaka sita na gramu mia moja katika kila kilo. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya mahitaji. Alingoja atukanwe. Alikuwa ameshajiandalia hata matusi, mengine alijichagulia mwenyewe njiani.

Mama Mapacha hakumtukana. Aliushika mkoba wa mwanawe kwa mikono miwili.

"Mimi nilisema," alisema. "Nilisema nikaitwa mwongo. Baba yao aliniuliza usiku ule, huo unga mwingine umeupeleka kwa nani." Akamgeukia Zipu. "Kaka, zipu yangu iko tayari?"

"Bado kidogo."

"Nitangoja nje."

Akatoka kusimama juani. Zipu aliishusha mashine mezani kimya, bila hata neno moja la mzaha, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa kama kufunga kibanda. Alipoipokea hela aliihesabu mara mbili, taratibu, mbele ya macho yake. Akanyoosha tena mkono.

"Na ya mafuta," alisema. "Niliyompaka."

Mama Duka akafungua fundo la shuka lake, akalipa na ya mafuta. Akaifunga mashine ndani ya shuka, Zipu akamtwika. Shingo ilizama kidogo. Kilo kumi na moja, za kweli. Alipita mbele ya Mama Mapacha akiwa ameielekeza shingo mbele, maana mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama hata akitaka.

* * *

Jioni walipanga upya. Msomi alitoa amri: kila begi lisizidi ishirini na tano na nusu kwenye mizani ya bibi, na kwenye mizani ya kweli litakuwa chini ya ishirini na tatu. Blanketi zilihamia kwa Kitinda, vitabu kwa Msomi, mashine ikabaki kwa mama yake, imezungukwa na makoti. Kopo la bobini lilirudi.

"Na kama si moja kwa kumi?" Fundi aliuliza, mara moja tu, akiwa ameshikilia zipu. "Kama inadanganya kidogo kuliko unavyosema? Kesho ni mimi nitakayefunguliwa begi sakafuni."

"Ni moja kwa kumi."

"Kwa neno lako."

"Kwa neno langu," alisema Mama Duka. Hakuwa na kingine cha kumpa, na wote wawili walijua thamani yake. Fundi akavuta zipu.

Uwanja wa ndege ulikuwa na baridi ya mashine na sakafu inayoonyesha uso. Mbele yao familia moja ilikuwa imepiga magoti kando ya foleni, begi wazi, baba akigawa suruali kwa watoto wazivae hapohapo. Watu waliwatazama na kutowatazama. Fundi alikuwa na bahasha ya hela mkononi, ya akiba yake yote, imelowa jasho.

Mhudumu wa kaunta alikuwa kijana wa kike mwenye kucha nyekundu. "Weka la kwanza."

Mama Duka alisimama nyuma ya kamba, mahali pa wasiosafiri. Aliziona namba zikiwaka, nyekundu, akashindwa kuzisoma. Miwani aliiacha nyumbani.

"Ishirini na mbili nukta sita," alisoma Msomi. "Ishirini na mbili nukta saba."

La Fundi lilipanda la mwisho. Mkanda wa kaunta ulilia. Namba zilicheza, zikapanda, zikashuka, zikasimama.

"Ishirini na mbili nukta nane!"

"Mmejipanga nyie," alisema mhudumu akibandika karatasi. "Mmepimia wapi?"

"Nyumbani," alisema Fundi.

"Mna mizani nzuri."

Mabegi yaliondoka kwenye mkanda yakalala kwa zamu, yakaingia kwenye mdomo wa mpira, la mashine likiwa la mwisho. Fundi akaja kwenye kamba. Kitinda, mwenye magauni mawili safari hii, alimkumbatia bibi yake kiunoni. Msomi naye akamkumbatia, akamwambia atakuwa anampigia kumsomea bei za huko. Kisha wakabaki mkamwana na mama mkwe, kamba katikati.

"Ahsante kwa kuifuata mashine," alisema Fundi.

"Baba watoto atakuuliza ilivyoingia."

"Ataniuliza. Nitamwambia amuulize mama yake." Hakusema kwa ukali. Alirekebisha mkanda wa kibegi begani. "Mimi nina mizigo yangu, mama. Huo sitakubebea."

Aliinama akampa mkono, kwa heshima zote, kama siku ya kwanza alipoletwa nyumbani. Wakaenda. Mlango wa kioo ulijifunga wenyewe.

Mwanawe alipiga usiku huohuo kusema wamefika salama, na Mama Duka akamwambia. Upande wa pili hata kelele ya chuma haikuwepo. Kisha akasema, "Sawa, mama. Lala." Hakupiga tena wiki ile.

* * *

Maneno hayahitaji kupimwa ili yasafirishwe. Siku mbili duka lilikaa wazi na watu wakapita upande wa pili wa barabara. Waliokuja walichukua kiberiti, sabuni, vitu vyenye idadi. Mtoto mmoja alitumwa sukari, akaambiwa na mwenzake, kwa sauti, "Huko siku za mwizi zimetimia." Mama Duka alikuwa ameirudisha mizani mahali pake juu ya kaunta. Alikuwa ameita fundi wa mizani abadilishe springi, naye alisema atakuja Jumatatu.

Siku ya tatu, saa kumi, Mama Mapacha alisimama dirishani. Duka lililofuata lilikuwa mwendo wa nusu saa, na mapacha walikuwa wamesharudi kutoka shule.

"Unga upo?"

"Upo."

"Kilo moja."

Mama Duka alichota. Mshale ulifika kwenye moja, akaendelea kuchota. Ukapita moja na robo, akaendelea. Kibakuli kilijaa mpaka unga ukaanza kuteleza pembeni. Hakumtazama mteja usoni. Alichota kijiko kingine.

"Unafanya nini?"

"Chukua tu, mama. Ni wako. Wa ile miaka."

"Toa."

Kijiko kilisimama hewani.

"Sikuja kupewa sadaka na wewe," alisema Mama Mapacha. Sauti yake haikupanda. "Nina hela ya kilo moja. Nipimie kilo moja. Kilo ya kweli inasoma ngapi hapo kwako?"

"Moja, na mstari mmoja mdogo juu yake."

"Basi fikisha hapo."

Mama Duka alianza kupunguza. Alirudisha unga guniani, kijiko kwa kijiko, na mshale ukashuka kwa kusuasua. Sasa aliusikia uzito wa kijiko mkononi, na alishangaa, kwa sababu hizi siku zote mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Mama Mapacha aliweka viwiko kwenye kaunta, akasogeza uso mpaka karibu na kioo cha mizani, na Mama Duka akainama upande wake, mpaka vichwa vyao vikakaribiana, wote wawili wakiutazama mshale mmoja.

"Umezidi," alisema Mama Mapacha. "Punguza tena."

Akapunguza.

"Tena kidogo."

Akapunguza.

"Hapo. Acha hapohapo."